Filimbi Imeisha, Pumzi Haijarudi: Bonge la Damu Lililojificha Nyuma ya COPD

Mama wa miaka 63 kutoka kijiji cha wavuvi kando ya Ziwa Victoria analetwa hospitali ya wilaya saa 1 asubuhi kwa bajaji, ameegemezwa kati ya binti yake na jirani. Hawezi kumaliza sentensi. Alfajiri alitoka kwenda chooni, hatua kama 30 kutoka mlangoni, akafika, lakini kurudi kukamshinda. Pumzi zilimkata ghafla, na ubavu wa kushoto ukaanza kumchoma kila anapovuta hewa.

Vipimo vya mlangoni: oksijeni 79% bila msaada, mapigo ya moyo 118 kwa dakika, pumzi 30 kwa dakika, presha 108/70, joto 36.8. Kifuani kuna mlio wa filimbi kidogo, pande zote mbili. Makohozi ni yaleyale ya kila siku, meupe na machache. Faili lake lipo: siku 12 zilizopita aliruhusiwa kutoka wodi hiyohiyo baada ya kulazwa siku 6 kwa COPD (ugonjwa sugu wa mapafu unaobana njia za hewa) iliyochachamaa. Juu ya karatasi mpya pakaandikwa neno moja: imerudi.

Tatizo lote la kisa hiki limo ndani ya neno hilo. Kisa chenyewe ni cha kufundishia. Hakimhusu mtu mmoja; kimesukwa kutokana na mambo yanayojirudia katika wodi za wagonjwa wa kifua, na namba zake zimewekwa ili msomaji aweze kupiga hesabu mwenyewe.

Kwanza historia. Mama huyu hajawahi kuvuta sigara. Amebanika samaki kwa moshi wa kuni kwa zaidi ya miaka 35, akiwa ameinama juu ya tanuri lisilo na dohani, na nyumbani anapikia kuni pia. Miaka 14 iliyopita aliugua kifua kikuu, akameza dawa miezi 6 na kumaliza. Kipimo cha kupuliza, alichofanyiwa hospitali ya rufaa baada ya kupewa dawa ya kupanua njia za hewa, kilionyesha uwiano wa hewa ya sekunde ya kwanza kwa hewa yote aliyopuliza kuwa 0.52; chini ya 0.70 huhesabiwa kuwa njia za hewa zimebana kwa kudumu. Kwa hiyo ana COPD ya kweli, ya moshi wa jikoni na makovu ya kifua kikuu. Tunalisema wazi kwa sababu wako wanaosita kuitaja COPD kwa mwanamke asiyevuta sigara, kisha wanamwita mgonjwa wa pumu kwa miaka mingi.

Mara ya kwanza alipolazwa, ugonjwa ulikuwa umechachamaa kweli: homa, makohozi ya kijani, filimbi inayosikika hata bila stethoskopu, oksijeni 82%. Alitibiwa vizuri kwa upande wa njia za hewa, akapata nafuu. Kwa siku zote 6 hakuondoka kitandani isipokuwa kukalia poti. Ndugu walimsihi alale apumzike, wakamlisha palepale. Alikuwa anakunywa maji kidogo ili asisumbue watu kwa haja ndogo. Hakuna aliyeandika dawa ya kuzuia damu kuganda. Tutarudi hapo.

Sasa saa za mwanzo za safari hii ya pili. Alipewa salbutamoli, dawa ya kupanua njia za hewa, miligramu 5 kwa nebulaiza (mashine ya kuvuta dawa kama mvuke) mara 3 ndani ya saa moja, ipratropiamu miligramu 0.5, prednisoloni miligramu 40 ya kumeza, na seftriaksoni gramu 1 kwa ajili ya kile kichomi. Neno kichomi nalo lina mtego. Kwa watu wengi ni maumivu yanayochoma ubavuni, na ni jina la nimonia vilevile, kwa hiyo mgonjwa akisema ana kichomi mkono wa mtabibu hukimbilia antibayotiki. Lakini maumivu yanayokuja na kuvuta pumzi yanasema tu kwamba utando unaozunguka pafu umeguswa. Nimonia huugusa. Kipande cha pafu kilichokosa damu kwa sababu ya bonge huugusa pia.

Baada ya saa 4 filimbi ilikuwa imeisha. Hewa iliingia hafifu, kama inavyoingia siku zote kwenye mapafu yaliyotanuka, lakini bila mlio. Oksijeni ilikuwa 85% akiwa kwenye lita 4, na mapigo 120. Mapigo yakasingiziwa salbutamoli.

Hapa ndipo pa kusimama. COPD ikichachamaa, kubana kwa njia za hewa ndiko kunakoshusha oksijeni, kwa hiyo viwili hivyo hupanda na kushuka pamoja: filimbi ikipungua, oksijeni hupanda. Tena upungufu wa oksijeni wa COPD peke yake si mkaidi, mara nyingi lita 1 au 2 kwa mrija wa puani zinatosha kumfikisha kwenye 88–92%, kiwango tunachokitaka kwa wagonjwa hawa. Kifua kikiwa safi na bado mtu anadai lita 4 au zaidi, tafuta kitu kingine. Yawezekana pafu limepasuka na hewa imejaa kati yake na ubavu, au ni nimonia, au moyo umeshindwa, au kuna bonge la damu kwenye mishipa ya pafu. Picha ya kifua hutenganisha matatu ya kwanza vizuri kiasi. Bonge halionekani kwenye picha ya kawaida, na ndiyo maana huachwa.

Picha ya mama huyu ilionyesha mapafu yaliyotanuka na kovu la zamani juu ya pafu la kulia. Hakuna doa jipya wala hewa iliyovuja, na moyo haukuwa mpana. Picha ile ilisomwa kama habari njema. Lakini mtu mwenye oksijeni 79% na picha isiyo na kitu kipya anapaswa kututia wasiwasi zaidi, kwa sababu hewa inaingia kwenye pafu na damu haifiki kuichukua.

Ishara nyingine zilikuwepo tangu mlangoni. Shida ilianza kwa dakika, si kwa siku 2 au 3 za kikohozi kinachozidi. Makohozi hayakubadilika rangi wala wingi. Homa hakuna. Palipo na kipimo cha gesi za damu ya ateri kuna ishara moja nzuri sana. COPD iliyochachamaa hupandisha kabonidioksaidi kwa sababu mgonjwa anachoka kuitoa, ilhali bonge humfanya aheme kwa kasi na kabonidioksaidi ikashuka. Mgonjwa wa COPD aliyezoea kuwa na kiwango cha juu akija na kiwango cha kawaida huku oksijeni ikiwa chini, hiyo "kawaida" ni kushuka.

Aliyekivunja kitendawili ni sista wa zamu ya usiku. Alipokuwa akimsaidia mgonjwa kuvua soksi aliona ya kushoto imekata alama ndani ya nyama, ya kulia haijakata.

"Mama, mguu huu umeanza lini kuvimba?"

"Tangu juzi nyumbani, mwanangu. Nilidhani ni kulala sana."

Alichukua tepu, aina ile ya fundi cherehani, akapima shavu la mguu sentimita 10 chini ya kinundu cha mfupa kilicho chini ya goti. Kushoto 36, kulia 32. Tofauti inayozidi sentimita 3 ina uzito. Shavu liliuma lilipobonyezwa kwa ndani. Kama miguu yote miwili ingekuwa imevimba sawasawa, tungefikiria moyo wa kulia au figo, mambo ya kawaida kwa wagonjwa hawa. Mguu mmoja uliozidi mwenzake ni jambo jingine kabisa.

Kwa nini mapafu yenye uvimbe sugu yawe na uhusiano na mguu? Rudolf Virchow katika karne ya 19 alieleza mambo matatu yanayogandisha damu ndani ya mshipa: damu kutuama, ukuta wa mshipa kujeruhiwa, na damu yenyewe kuwa rahisi kuganda. COPD inayo yote matatu. Uvimbe wa mapafu haubaki mapafuni. Kemikali zake, mojawapo ikiwa interlukini-6, huenda kwenye ini na kulifanya litengeneze faibrinojeni kwa wingi, ile protini ambayo ndiyo nyuzi za bonge. Chembe sahani, zile zinazoanzisha kuganda, huwa macho kupita kiasi. Upungufu wa oksijeni wa muda mrefu huamuru figo zitoe homoni ya kutengeneza chembe nyekundu, damu ikawa nzito: mama huyu alikuwa na hemoglobini 17.2 na hematokriti 53%. Oksijeni ndogo hukera pia utando wa ndani wa mishipa. Halafu moyo wa kulia unaosukuma damu kwenye mapafu magumu hurudisha presha nyuma hadi kwenye vena za miguu, damu ikachelewa kupanda. Ongeza siku 6 za kitanda, homa, maji kidogo na prednisoloni. Dawa za jamii ya prednisoloni zimehusishwa na ongezeko la mabonge, na utafiti mkubwa wa Denmark wa mwaka 2013 uliona ongezeko hilo zaidi kwa walioanza kuzitumia karibuni. Hiyo si sababu ya kumnyima mgonjwa prednisoloni anapoihitaji. Ni sababu ya kutompa siku 14 pale ambapo siku 5 zinatosha.

Upande wa pili ni kwamba mgonjwa wa COPD hana akiba. Mtu mwenye mapafu mazima akizibiwa robo ya mishipa anaweza kutembea hadi kliniki. Huyu mishipa yake ilikwisha kupungua kwa miaka ya moshi, na moyo wake wa kulia ulikwisha kuchoka, kwa hiyo bonge dogo kwake ni kubwa.

Ni wagonjwa wangapi wa namna hii wana bonge? Jibu limebadilika kadiri tafiti zilivyokuwa makini. Uchambuzi wa mwaka 2017 uliokusanya tafiti 7 ulipata takriban 16% kati ya wagonjwa wa COPD iliyochachamaa bila sababu inayoeleweka, na karibu theluthi mbili ya mabonge yalikuwa kwenye mishipa mikubwa. Utafiti wa Ufaransa uliochapishwa mwaka 2021 uliwapima kwa utaratibu mmoja wagonjwa 740 waliolazwa kwa pumzi zilizozidi kubana, ukapata 5.9%. Mwaka huohuo utafiti wa Hispania, wenye wagonjwa zaidi ya 700, ulijaribu kuwatafutia bonge wote kwa D-daima (kipimo cha damu kinachotafuta mabaki ya bonge) na CT (picha ya mishipa ya mapafu) badala ya kumwachia daktari aamue; matokeo ya mgonjwa hayakuwa bora. Sisi tunazisoma pamoja hivi: usimpeleke kila mwenye COPD kwenye CT, ila kila mmoja mwulize, mtazame miguu, na mrudie baada ya saa 4. Tepu haina gharama.

Tupige hesabu ya Wells ya bonge la mapafu. Dalili za bonge mguuni, alama 3. Bonge ndilo linaloelekea zaidi kuliko ugonjwa mwingine, 3. Mapigo zaidi ya 100, 1.5. Kulala kitandani siku 3 au zaidi, au upasuaji, ndani ya wiki 4, 1.5. Aliyewahi kupata bonge, 1.5. Kukohoa damu, 1. Saratani, 1. Mama huyu ana 3 + 3 + 1.5 + 1.5, jumla 9. Zaidi ya 4 maana yake bonge linaelekea kuwepo.

Lakini turudi mlangoni, kabla ya soksi. Hapo alikuwa na 3 tu: mapigo na kitanda. Zile 3 za mguu hazikuwepo kwa sababu hakuna aliyetazama, na zile 3 za "linaelekea zaidi" daktari hakuzitoa kwa sababu mgonjwa ana COPD inayojulikana. Huu ndio udhaifu wa kipimo hiki kwa wagonjwa wa kifua: ugonjwa wa zamani daima una jibu tayari, kwa hiyo alama 3 nzima hupotea. Tunashauri swali hilo lijibiwe mara mbili, mara ya kwanza mlangoni na mara ya pili baada ya nebulaiza kufanya kazi.

D-daima haikupimwa, na ilikuwa sawa. Kazi yake ni kuondoa shaka kwa mwenye alama 4 au chini. Kwa aliye juu ya 50, kikomo ni umri mara 10, yaani 630 kwa mama huyu badala ya 500 ya nanogramu kwa mililita. Uvimbe wa mapafu, maambukizi na umri vyote huipandisha, kwa hiyo kwa mgonjwa wa COPD aliyelazwa jibu la "iko juu" halisemi lolote. Mwenye alama 9 angetozwa hela ya kipimo ambacho jibu lake, liwe lolote, lisingebadilisha hatua inayofuata.

ECG, kipimo cha umeme wa moyo, ilionyesha mapigo ya haraka yenye mpangilio, na mawimbi ya T yaliyopinduka kwenye nyaya za kifuani kutoka V1 hadi V4, alama ya moyo wa kulia ulioelemewa. COPD ya muda mrefu nayo huweza kuleta mabadiliko ya upande wa kulia, hivyo linganisha na ECG ya zamani kama ipo. Hapa ya mwezi uliopita ilikuwepo, na mawimbi hayo yalikuwa yameelekea juu.

Kipimo kilichoamua ni ultrasaundi ya mguu, na hiki kila hospitali ya wilaya yenye mashine inakiweza. Mgonjwa alale akiwa ameinuliwa kichwa, kwani wa COPD hawezi kulala chali, goti likunjwe kidogo na kugeuzwa nje. Anza kinenani: tafuta ateri inayodunda na vena iliyo pembeni yake kwa ndani. Bonyeza kichwa cha mashine wima, taratibu, mpaka kuta za vena zikutane. Vena nzima hujifunga kama mdomo; yenye bonge haifungi hata ateri ikianza kubonyea. Shuka kidogo kidogo kwenye paja la juu, kisha nenda nyuma ya goti urudie. Usiridhike kwa kuwa huoni kitu cheupe ndani, maana bonge jipya ni jeusi kama damu inayotiririka. Kinachohesabika ni kujifunga. Mama huyu vena ya nyuma ya goti la kushoto haikujifunga, na ya paja ilijifunga nusu.

Hospitali haikuwa na CT. Iliyo karibu ilikuwa mwendo wa saa 3 kwa gari. Je, asafirishwe? Tuliyo nayo yalitosha: bonge la mguu lililothibitishwa, pamoja na dalili za mapafu, vina matibabu yaleyale ambayo CT ingeyaleta. Kumsafirisha mtu wa oksijeni 85% kwa ajili ya picha isiyobadilisha dawa ni kumhatarisha bure. Angeporomoka presha, hesabu ingekuwa nyingine.

Dawa. Uzito kilo 58, kreatinini 92, uwezo wa figo kwa hesabu ya Cockcroft na Gault takriban mililita 50 kwa dakika, chembe sahani 310, hana historia ya vidonda vya tumbo vinavyovuja damu. Enoksaparini, sindano ya kuzuia damu kuganda, miligramu 1 kwa kila kilo kila saa 12, ambayo ni 60, chini ya ngozi ya tumbo, sentimita 5 kutoka kitovuni. Kunja ngozi, ingiza sindano yote wima, usisugue baada ya kuchoma. Uwezo wa figo ungekuwa chini ya 30, angechomwa mara moja kwa siku. Kosa linalotokea mara nyingi ni kumpa miligramu 40 mara moja kwa siku ukiamini umetibu. Hiyo ni dozi ya kinga. Kosa la pili ni kusubiri kipimo cha mwisho: mwenye alama zaidi ya 4 na asiye na hatari kubwa ya kutoka damu achomwe dozi ya kwanza, vipimo vifuate.

Presha ya 108/70 haikuwa ya kuyeyusha bonge. Dawa za kuyeyusha, kama alteplasi miligramu 100 ndani ya saa 2, zimewekewa mgonjwa aliyeporomoka: namba ya juu ya presha ikiwa chini ya 90 kwa dakika 15 au zaidi bila sababu nyingine. Ikishuka, usimjaze drip. Moyo wa kulia uliotanuka ukiongezewa lita 2 hujaa, humsukuma jirani yake wa kushoto, na presha hushuka zaidi. Mililita 250, kisha tazama. Oksijeni ibaki 88–92%, kwa maana bonge halifuti ukweli kwamba ana COPD na oksijeni ya kupindukia inaweza kupandisha kabonidioksaidi hadi alegee.

Mambo matatu yalisimamishwa usiku huohuo. Seftriaksoni, kwa kuwa hakuna homa, usaha wala doa. Sindano ya diklofenaki ya tako aliyoandikiwa kwa kichomi, kwa kuwa mtu aliyeanza dawa ya kuzuia kuganda akichomwa kwenye msuli anavujia damu ndani, alipewa parasetamoli. Na kukandwa. Binti alikuwa ameshaleta maji ya moto na mafuta ili amkande mama mguu, kama yeyote anayempenda mzazi wake angefanya. Alielezwa kwa upole kwamba bonge lililoshikilia ukuta wa mshipa linaweza kung'oka kwa kusuguliwa na kupanda mapafuni. Kazi aliyopewa badala yake ni kumsimamisha mama mara 3 kwa siku pindi oksijeni itakapotulia.

Siku ya 3 alikuwa lita 1, mapigo 92. Ukaja wakati wa vidonge vya kuzuia damu kuganda, na hapa kile kifua kikuu cha zamani kilirudi mezani. Kovu juu ya pafu lilimfanya mmoja wa watabibu apendekeze dawa za TB zianzishwe huku wakisubiri. Hatua hiyo ingeharibu kila kitu: rifampisini huliamsha ini lichome dawa haraka, na rivaroksabani, apiksabani na warfarini zote hushuka nguvu. Mgonjwa angekuwa anameza kidonge kila siku huku damu yake ikiganda. Makohozi yakapelekwa GeneXpert, mashine inayotafuta vimelea vya kifua kikuu, jibu likawa hakuna. Lingekuwa ndiyo, njia iliyobaki ni enoksaparini ya muda mrefu, au warfarini yenye INR (kipimo cha muda ambao damu inachukua kuganda) ya mara kwa mara na dozi kubwa kuliko kawaida, huku hatari ya pili ikisubiri mwishoni: rifampisini ikisimama, ini hutulia ndani ya wiki chache na dozi ileile ya warfarini inageuka kuwa ya kutoa damu.

Alianzishwa rivaroksabani miligramu 15 mara 2 kwa siku kwa siku 21, kidonge cha kwanza kikichukua nafasi ya sindano iliyokuwa inafuata, kisha miligramu 20 mara 1. Zote mbili ni pamoja na chakula, chakula cha kushiba, si chai ya rangi. Tumbo tupu hupunguza kiasi kinachoingia mwilini. Siku ya 22 ndiyo inayopoteza wagonjwa wengi. Boksi limeisha, mguu umepungua, pumzi zimerudi, hela imekwisha. Au anaendelea na 15 mara 2 kwa sababu hakuna aliyemwambia ibadilike. Tarehe ya siku ya 22 iliandikwa kwa kalamu nyekundu kwenye kadi, na binti akaambiwa bei ya kidonge cha 20 kabla ya kutoka wodini. Mgonjwa anayetaka kufunga Ramadhani asifunge ndani ya siku 21 za mwanzo, kwani kati ya daku na futari dozi haziwezi kugawanyika sawasawa. Baadaye, 20 moja pamoja na futari inakaa vizuri.

Anayemudu warfarini pekee anahitaji sindano kwa siku zisizopungua 5 na mpaka INR ikae 2 au zaidi kwa saa 24, ndipo sindano zisimame. Lengo ni 2 hadi 3. Kisamvu, matembele na mchicha havikatazwi. Kinachovuruga ni kula bakuli leo na kukaa wiki 2 bila. Na akipata kifua tena, kotrimoksazoli au siprofloksasini huipandisha INR ndani ya siku chache, kwa hiyo ipimwe.

Turudi kwenye kitanda cha mara ya kwanza, kwa kuwa hapo ndipo bonge lilipoanza. Alama za Padua, zinazokadiria hatari ya mgonjwa aliyelazwa kupata bonge, siku ile: kutotembea 3, mapafu kushindwa 1, maambukizi 1. Jumla 5, na kikomo cha kuanza kinga ni 4. Alihitaji enoksaparini 40 mara moja kwa siku, au palipo na heparini ya kawaida tu, vitengo 5,000 chini ya ngozi kila saa 8 hadi 12, mpaka atembee. Hesabu ile huchukua dakika moja. Haikufanywa kwa sababu tumezoea kuiwazia wodi ya upasuaji na ya wazazi, na wodi ya kifua tunaiona ni ya nebulaiza. Kinga isiyo na dawa nayo ilikuwepo: kukaa kwenye kiti wakati wa kula, kukunja na kunyoosha vifundo vya miguu mara 20 kila saa akiwa macho, maji ya kutosha, na poti kuondolewa mara tu anapoweza hatua 10 kwenda chooni huku mrija wa oksijeni ukimfuata. Ndugu wanapaswa kuambiwa wazi na daktari, la sivyo watamlaza kwa mapenzi.

Miezi 3 baadaye shavu la kushoto lina sentimita 33, oksijeni 91% bila msaada, na anafika mwaloni akipumzika mara moja njiani. Ekografia ya moyo ilifanywa kwa sababu kundi dogo la wagonjwa hubaki na mabonge yaliyogeuka makovu na presha ya kudumu kwenye mishipa ya mapafu, na mgonjwa wa COPD anayehema hawezi kugunduliwa kwa maneno tu. Yake ilikuwa imerudi karibu na ilivyokuwa. Miezi 3 ndiyo muda wa chini. Kulazwa ni sababu inayopita, mapafu yale hayapiti, kwa hiyo dawa iliendelea na ataangaliwa tena mwezi wa 6, akipimwa figo na hemoglobini. Tanuri limewekewa dohani, na kugeuza samaki sasa ni kazi ya binti.

Kwenye jalada la faili, kwa maandishi makubwa, pameandikwa: aliwahi kupata bonge la damu. Katika Padua neno hilo lina alama 3 peke yake, na kifua kikimshinda tena ni 4, kwa hiyo siku atakayolazwa atakuwa amefika kikomo kabla hata ya kupanda kitandani. Ila kama bado anameza rivaroksabani, asichomwe enoksaparini juu yake.